Uzi Wangu Ulikatikia Penye Kinundu

Chupa ya kwanza niliyokabidhiwa maabarani ilikuwa na unga mweusi, weusi wa masizi. Ilikuwa nyepesi hata nikaitikisa kuhakikisha si tupu. Fundi wa maabara, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, alinikazia macho. "Taratibu, mwanangu," akasema. "Humo mna nyuzi nyingi kuliko utakazozihesabu maisha yako yote. Na hazipendi kuachana."

Hayo maneno ya mwisho niliyachukulia kama utani. Nilikuwa nimesoma makala chungu nzima juu ya nanotyubu za kaboni, na karibu zote zilifunguliwa kwa wimbo uleule: zina nguvu kupita chuma mara nyingi, ni nyepesi, zinapitisha umeme, na ipo siku itasokotwa kwazo kamba ya kupandishia lifti hadi anga za juu. Kazi yangu ilikuwa ndogo mno mbele ya lifti hiyo. Nichukue unga, niuchanganye na polima, yaani dutu ya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki, nitoe uzi wenye nguvu kidogo kuliko uzi wa polima tupu. Kwenye mpango wa utafiti niliandika miezi minne. Profesa aliyenisimamia alisoma, akatabasamu, akatia saini.

Alasiri hiyohiyo nilidondosha chembe za ule unga kwenye maji. Ukaelea. Nikatikisa, ukajikusanya madonge madonge, mengine yakazama, mengine yakang'ang'ania ukuta wa kioo. Nikaongeza sabuni, nikatikisa tena mpaka mkono ukachoka. Maji yakawa ya kijivu, madonge yakabaki madonge.

Nanotyubu ni mrija. Chukua tabaka moja la grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli: ni kama karatasi ya atomi zilizopangwa kwa pembesita, kila atomi imeshikana na wenzake watatu. Ikunje hadi kingo zikutane, umepata mrija. Ule wa ukuta mmoja una kipenyo cha nanometa 1 hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ilhali unywele wa kichwani una takriban nanometa 80,000. Ipo pia ya kuta nyingi, mrija ndani ya mrija ndani ya mrija. Namna karatasi ilivyokunjwa, wima au mshazari, huamua kama mrija utapitisha umeme kama metali au la. Wenzetu wa elektroniki wamekesha na jambo hilo. Mimi halikunihusu, nalipita.

Aliyeitangaza mirija hii duniani ni Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC huko Japani, mwaka 1991. Aliiona kwa hadubini ya elektroni kwenye kaboni iliyoachwa na cheche kali ya umeme kati ya vijiti viwili vya grafiti. Lakini mirija ya aina hiyo ilikwisha kupigwa picha na Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, waliochapisha kazi yao kwa Kirusi mwaka 1952, na mwaka 1976 Morinobu Endo na wenzake wakaionyesha tena huko Ufaransa. Sayansi ina tabia ya kumkumbuka aliyesikika, na mwaka 1991 masikio yalikuwa wazi. Molekuli za kaboni zenye umbo la mpira zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1985, na kila mtu alikuwa akichungulia masizi kutafuta maajabu mengine.

Nguvu ya nanotyubu si hadithi. Mwaka 2000 kundi la mtafiti Rodney Ruoff huko Marekani lilichukua mirija ya kuta nyingi, mmoja mmoja, likaibana kati ya ncha mbili ndani ya hadubini na kuivuta mpaka ikakatika. Ukuta wa nje ulihimili kati ya gigapaskali 11 na 63, kipimo cha mkazo ambao kitu hustahimili kabla ya kukatika. Nyuzi za Kevlar, zile za fulana za kuzuia risasi, huhimili kama 3.6. Basi hapo ndipo wimbo ule unapotoka. Ila wachache wanaouimba husoma mstari unaofuata wa makala ile, unaoeleza jinsi mirija ilivyokatika: ukuta wa nje ulipasuka, na kuta za ndani zikateleza zikatoka nzima, kama upanga unaochomolewa alani. Ukuta mmoja ulibeba mzigo na wenzake walisafiri bure.

Ningeielewa picha hiyo ya upanga mapema, ningeokoa karibu mwaka.

Maana uzi wowote ule ni mkusanyiko wa vitu vifupi. Unyuzi wa pamba una sentimeta chache tu, lakini uzi wa pamba huenda mamia ya mita bila kukatika, kwa sababu umesokotwa na kila unyuzi umembana jirani yake. Ukiusokotoa, unaachia vidoleni bila unyuzi hata mmoja kukatika. Polima nazo ni hivyohivyo, ila kwa kipimo ambacho jicho halifiki. Mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba mpira na vitu kama hivyo ni minyororo mirefu ya atomi, wakemia wengi walimwona amepotoka. Waliamini ni molekuli ndogo zilizojikusanya tu. Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 1953, akiwa na miaka sabini na kitu.

Na minyororo peke yake haitoshi; lazima inyooshwe. Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii ni cha Julian Hill, aliyekuwa katika kundi la Wallace Carothers kwenye kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani. Mwaka 1930 alichovya kijiti kwenye poliesta iliyoyeyuka, akakivuta, ukatoka uzi. Uzi ulipopoa akaona bado unavutika, na kila ukivutika unakuwa imara zaidi. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake waliushika wakakimbia nao ukumbini kuona utafika wapi. Hawakuwa wakicheza, au tuseme walicheza wakagundua jambo: kuvuta kunaigeuza minyororo iliyojisokota ovyo iwe sambamba, na iliyo sambamba hushikana. Nailoni ilizaliwa miaka mitano baadaye kutoka kundi hilohilo.

Kisha yuko Stephanie Kwolek, DuPont hukohuko, mwaka 1965. Yeye alipata mmumunyo wa polima uliokuwa mwepesi na wenye ukungu, wakati mimumunyo ya kufaa ilizoeleka kuwa mizito na maangavu. Mwenye mashine ya kutolea uzi alikataa kwanza kuupitisha, akihofia utaziba vitundu. Kwolek akamsihi mpaka akakubali. Ukungu ule ulitokana na minyororo migumu kama vijiti iliyokuwa imejipanga yenyewe ndani ya kimiminika, na uzi uliotoka ndio ulioleta Kevlar. Fundi wetu hukipenda sana kisa hiki, ingawa yeye huwa upande wa yule mwenye mashine. "Aliyeziba vitundu si yeye atakayevizibua," husema.

Vitundu vyangu viliziba siku ya tatu.

Polima niliyopewa ni poliakrilonitrili. Wenye kazi yao huiita PAN, na ndiyo mama wa nyuzi nyingi za kaboni zinazotumika leo kwenye ndege na baiskeli za mashindano. Akio Shindo wa Japani ndiye aliyefungua njia hiyo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Uzi wa PAN huokwa kwanza kwenye hewa, nyuzijoto 200 hadi 300 hivi, huku umekazwa usisinyae. Kisha huingizwa ndani ya naitrojeni na kupandishwa zaidi ya nyuzijoto 1,000, mpaka kila kisicho kaboni kitoke kama gesi. Kinachobaki ni uzi mweusi wenye unene wa maikrometa 5 hadi 7, mgumu kuliko chuma cha uzito uleule kwa mbali. Wazo letu, ambalo wengine walikwisha kulionyesha, lilikuwa kutia nanotyubu kidogo ndani ya PAN kabla ya kuitoa uzi. Minyororo ya polima hupenda kujipanga kando ya mrija, hivyo mrija unakuwa kama uti ambao wengine wanajinyoosha kwa kuufuata.

Nilitia asilimia 1 kwa uzito. Nikamumunyisha PAN, nikachanganya, nikapakia kwenye bomba la sindano, nikausukuma ule uji wa kijivu ndani ya beseni la methanoli baridi, na uzi ukatoka, mweusi, laini, mzuri kuutazama. Nikauvuta juu ya sahani ya moto mpaka ukawa mwembamba kama unywele. Nikatengeneza na mwingine wa PAN tupu kwa kulinganisha.

Kupima uzi mwembamba hivyo ni kazi ya mshona shanga. Unakata karatasi ngumu yenye dirisha katikati, unaulaza uzi juu ya dirisha, unatia tone la gundi kila upande, unasubiri ikauke. Unaibana karatasi kwenye mashine, kisha unakata kingo zake mbili kwa mkasi bila kuugusa uzi, ili ubaki uzi peke yake ukishikilia. Kupiga chafya ni marufuku. Nilipima nyuzi 25 za kila kundi. Wastani ulipotoka niliangalia mara mbili: uzi wenye nanotyubu ulikuwa dhaifu kuliko uzi mtupu. Tena dhaifu kwa wazi kabisa, hakuna cha kusingizia mashine.

Profesa hakushangaa. Aliniambia niende nikatazame ulipokatikia.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Alan Griffith, mhandisi wa Uingereza, aliligeuza jambo hilo kuwa hesabu mwaka 1921 kwa kuvunja nyuzi za kioo: uzi ukiwa mwembamba zaidi ulihimili mkazo mkubwa zaidi, kwa sababu ndani yake hamna nafasi ya nyufa kubwa. Nyenzo haivunjiki kwa udhaifu wa wastani wake, inavunjika kwenye kasoro yake mbaya kuliko zote. Ndiyo maana pia uzi mrefu hupimwa dhaifu kuliko kipande chake kifupi, kwani kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoongeza nafasi ya kukutana na kasoro. Tangu nijue hilo, nikiona tarakimu ya kushangaza kwenye makala ya nyuzi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni urefu wa kipande kilichopimwa. Mara nyingi ni milimeta chache, na mara nyingine huandikwa kwa herufi ndogo mno.

Wangu, chini ya hadubini, haukukatikia pembamba. Ulikatikia penye unene, kwenye kinundu. Na ndani ya kinundu kulikuwa na donge la mirija iliyosongana kama nywele kwenye chanuo, polima haijapenya hata kidogo. Nyuzi zote 6 nilizozitazama zilikuwa na hadithi moja.

Kwa nini zinang'ang'aniana hivyo? Kila mrija una uso laini, mrefu mno kwa unene wake, na nyuso mbili za namna hiyo zikigusana hushikana kwa mvutano mdogomdogo wa molekuli kwa molekuli, uitwao nguvu za van der Waals. Kwenye nanometa moja nguvu hiyo si chochote. Kwenye mrija ulio mrefu mara elfu ya unene wake, hesabu inakuwa nyingine. Na hapa ndipo kejeli yenyewe ilipo: nguvu hiyo inatosha kuyafanya madonge yasiachane ndani ya chupa, lakini haitoshi kuizuia mirija isiteleze mmoja juu ya mwenzake ukiuvuta uzi. Zinashikana pale usipotaka na kuachia pale unapotaka.

Dawa ya kwanza anayoijaribu kila mtu ni mtetemo wa sauti kali. Unachovya kijiti cha ultrasoniki kwenye chupa, kinalia kama mbu aliyeingia sikioni, na madonge yanaanza kuvunjika. Saa mbili, saa sita, usiku kucha. Kimiminika kinakuwa cheusi sawasawa kama wino. Nilifurahi sana siku ya wino. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba mtetemo unaotenganisha mirija pia unaikatakata, na mirija mifupi haina pa kushikiwa. Hapo ndipo miezi yangu mingi iliishia, nikitafuta dakika ambazo donge limekufa na mrija bado ni mrefu. Hakuna dakika hizo. Kuna mapatano tu.

Wengine wameikwepa chupa kabisa, na kwangu hizo ndizo kazi za kupendeza zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua huko Beijing walikuwa na msitu wa nanotyubu uliooteshwa wima juu ya bamba la silikoni, urefu wa kama sehemu ya kumi ya milimeta. Walitaka kuchomoa kifungu kidogo. Kikaja na jirani yake, jirani akaja na jirani, na wakajikuta wanavuta uzi usiokatika, kama hariri inavyotoka kwenye kifukofuko, mpaka sentimeta 30 hivi. Miaka miwili baadaye, kundi la Alan Windle pale Cambridge lilionyesha mirija ikiota hewani ndani ya tanuri, ikijisuka kuwa moshi wenye kunyumbuka, na moshi huo ukashikwa na kijiti ukazungushwa kwenye kibiringo. Uzi kutoka kwenye moshi! Nimeitazama video ya jambo hilo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima.

Njia ya tatu ni ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, alikofundisha Richard Smalley, mmoja wa waliopata Nobel kwa ile mipira ya kaboni. Baada ya kifo chake mwaka 2005, Matteo Pasquali na wenzake waliendeleza kazi ya kuimumunyisha mirija kwenye asidi ya klorosulfoniki. Asidi hiyo ni kali kiasi kwamba inaipa kila nanotyubu chaji ya umeme, zikasukumana, zikaachana zenyewe bila mtetemo na bila kukatika. Zikiwa nyingi zinajipanga kama vijiti, jambo lilelile lililotokea kwenye chombo cha Kwolek. Mwaka 2013 walitangaza uzi wa wastani wa gigapaskali 1. Kufikia mwaka 2021 walikuwa wamefika 4.2, na upitishaji umeme wa karibu moja ya tano ya shaba, kwa uzito mdogo mno kuliko shaba. Sisi asidi hiyo hatukuigusa. Ikikutana na maji hufoka na kutoa mvuke wa asidi nyingine, na kabati letu la kuvutia hewa lilikuwa na matatizo yake.

Linganisha lakini: 4.2 kwa uzi, baada ya miaka karibu ishirini ya watu hodari, na 63 kwa ukuta wa mrija mmoja. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni utelezi.

Nikiwa katikati ya huzuni ya vinundu, nilisoma makala ya mwaka 2014 kutoka kundi la Ray Baughman, Chuo Kikuu cha Texas pale Dallas. Hao walikuwa mabingwa wa kusokota nanotyubu kuwa misuli ya bandia, inayojikaza ikipata joto. Kisha wakajaribu mshipi wa kuvulia samaki na uzi wa kushonea, nailoni na polithini za kawaida, wakausokota mpaka ukajikunja kama springi. Kwa urefu na uzito uleule, msuli huo uliinua mzigo mara 100 ya unaoinuliwa na msuli wa binadamu. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nilimsomea fundi aya ile, akacheka hadi akavua miwani.

Unga wenyewe nao si wa kuchezea. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwa panya kwamba nanotyubu ndefu za kuta nyingi huleta uvimbe na makovu ya namna ya asbesto, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka aina moja ya kuta nyingi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Tunaupima unga ndani ya kabati lililofungwa, tunapangusa kwa kitambaa kibichi, hatufagii. Sifa ileile ya urefu na wembamba tunayoitafuta kwa ajili ya uzi ndiyo inayoyashinda mapafu.

Soko nalo limekwenda kokote isipokuwa kwenye lifti. Bayer ya Ujerumani ilijenga kiwanda cha nanotyubu, na mwaka 2013 ikajitoa. Leo mirija mingi inaishia kwenye betri za lithiamu, ikichanganywa kidogo kwenye elektrodi ili umeme upite. Na huko, ile tabia iliyonila mwaka ndiyo inayolipwa. Betri haitaki mirija iliyonyooka kama askari kwenye gwaride. Inataka wavu uliosongana ovyo, kila mrija umegusa wengine, elektroni zipate njia hata elektrodi ikivimba na kusinyaa. Nilipoambiwa hivyo na mwenzangu wa maabara ya jirani nilimtazama kwa husuda nisiyoweza kuificha.

Mwishowe nilipunguza nanotyubu hadi nusu ya asilimia 1, nikapunguza mtetemo hadi dakika arobaini, nikazungusha mmumunyo kwa kasi ili madonge yazame, nikatumia kimiminika cha juu peke yake. Nusu ya unga wa bei mbaya niliutupa kwenye chombo cha taka za sumu. Na uzi nikauvuta polepole sana, kwa hatua tatu badala ya moja. Safari hii wastani ulipanda juu ya uzi mtupu. Si kwa kiasi cha kuandikwa magazetini, lakini nyuzi 25 kwa 25, tofauti ilikuwepo.

Nikaenda nao kwenye hadubini. Pale ulipokatika hapakuwa na kinundu. Kulikuwa na uso mpasuko, na kutoka usoni humo zilichomoza nywele fupi nyeupe, mamia. Kwenye picha ya hadubini ya elektroni nanotyubu huonekana hivyo, nyeupe. Zote zilikuwa zimechomoka nzima kutoka upande wa pili. Nilitafuta saa nzima mmoja tu uliokatika katikati, nisiuone.

Fundi alichungulia juu ya bega langu. "Zimeachia," akasema.

"Zimeachia, mzee."

Nikafungua daftari nikaandika tarehe, na chini yake: hatua nne, polepole zaidi.